Neno Tamu na Bei Yake

Mada kwa wananchi wa kata, hususan vikundi vya vijana na wanawake



Katika barabara itokayo Nyakanazi kupitia Lusahunga hadi Rusumo, magari makubwa hupita usiku na mchana yakipeleka shehena katika nchi jirani. Mtu aketiye kando ya barabara hiyo husoma mengi bila kufungua kitabu. Nyuma ya lori pana usemi, juu ya kioo cha basi pana usemi, na kwenye madigadi ya bodaboda pana usemi. Kila usemi ulitungwa na mtu. Swali la mada hii ni moja: mtu huyo alipata nini?

Mara nyingi alipata soda na kicheko. Dereva alilipenda neno, akalichukua, akaondoka nalo. Juma lililofuata neno lilikuwa limeandikwa kwenye magari mengine matatu, na fundi wa rangi alikuwa amelipwa mara tatu. Mtunzi alibaki na sifa, na sifa hainunui daftari la mtoto.

Jambo hili si geni. Kanga, vazi linalojulikana katika kila nyumba, lilianza kuvaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kufahamika kwa chapa ya Mali ya Abdulla, linatajwa miongoni mwa yaliyoeneza desturi ya kupiga chapa maneno kwenye kanga; kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Tangu hapo mnunuzi wa doti hatazami rangi peke yake. Husoma kwanza, maana kanga aweza kumpa mama mkwe kwa heshima, au kuivaa mbele ya jirani kwa kijembe. Kanga yenye rangi nzuri na neno lisilofaa huweza kubaki dukani.

Maneno hayo huitwa jina la kanga. Ajabu ni kwamba mtunzi wake hana jina popote katika kitambaa. Chapa ya mwenye duka imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja; waliotunga maneno yaliyoiuza hawajulikani. Hapa ndipo penye somo. Neno pekee haliuziki kwa urahisi. Kinachouzika ni kitu kilichobeba neno. Mtunzi anayetaka kipato ana njia mbili: apatane bei kabla hajalitamka neno lake, au akimiliki yeye mwenyewe kitu kitakacholibeba.

Njia ya pili ina nafasi kubwa zaidi vijijini na katika miji midogo ya Ngara na Biharamulo. Duka linahitaji kibao. Mama lishe anahitaji bango. Kikundi cha kuweka na kukopa kinahitaji fulana. Bibi harusi anahitaji vitambaa vya mezani vilivyodariziwa. Kijana mwenye maneno akishirikiana na fundi wa rangi, au binti mwenye maneno akishika sindano yeye mwenyewe, neno halitoki bure tena. Mwenye duka aliyechoshwa na wakopaji atafurahia kibao kisemacho, "Leo taslimu, kesho salamu." Fundi cherehani atapenda, "Mshono hausemi uongo." Mwenye bodaboda atachagua, "Haraka yako, uhai wangu."

Neno la namna hiyo lina masharti yake. Liwe fupi, lisomeke chombo kikiwa mwendoni. Lichekeshe bila kumvunjia mtu heshima kwa kabila, dini au ulemavu wake. Liandikwe kwa tahajia sahihi, kwa kuwa kosa moja kwenye kibao hukaa barabarani miaka mingi likimcheka mwenyewe.

Wilaya hizi zina utajiri mwingine: methali za Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza na lugha nyingine za wakazi wake. Methali ya wazee ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu huteka, hakuna anayekitia kufuli. Mtunzi anaweza kuidarizi kwenye kitambaa na kuiuza, lakini hawezi kudai kuwa ni yake peke yake. Ni vema kwanza amuulize mzee maana yake kamili, asije akaandika tusi akidhani ni hekima.

Kwa utungo mpya, ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kazi halisi ya mtunzi hulindwa tangu inapotungwa, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, husajili kazi ili mwenyewe awe na ushahidi. Hata hivyo, ni vigumu kuzuia watu wasitumie usemi wa maneno matatu. Mkusanyiko wa semi ulioandikwa na kupangwa katika kijitabu una nguvu zaidi. Kwa hiyo mtunzi awe na daftari, aandike kila usemi na tarehe yake, na makubaliano na mnunuzi yawe ya maandishi yenye saini.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtu akipigiwa simu na kuambiwa semi zake zimependwa, ila atume kwanza ada ya usajili, asitume. Anayenunua neno hutoa fedha. Hamtozi mwenye neno.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mahali pa kuanzia. Lakini mkopo si zawadi, na deni huanza kwa kicheko. Kikundi kifanye hesabu kwanza. Tuseme kibao kinauzwa shilingi 15,000, na mbao na rangi zinagharimu 9,000. Inabaki 6,000 ya kugawana kati ya fundi na mtunzi. Bila wateja wa uhakika, marejesho yatatoka kwenye mbuzi wa nyumbani.

Kwa sababu hiyo jembe lisitupwe. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye Waswahili humheshimu kuliko watunzi wengi, aliishi kwa ukarani serikalini miaka mingi huku akiandika. Neno liwe mboga ya nyongeza kando ya ugali, hadi siku litakapoweza kuwa ugali wenyewe. Na siku dereva atakapocheka tena na kuomba neno, mtunzi naye acheke, kisha ataje bei.