Mwigizaji Mtoto na Haki ya Kusubiri

Anapotajwa mwigizaji aliyeanza utotoni akadumu hadi ukubwani, sifa zote hupewa kipaji chake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kipaji humfikisha mtoto mbele ya kamera, lakini kumvusha hadi utu uzima kunahitaji ulinzi wa fedha zake na wa masomo yake. Jackie Coogan alikuwa na miaka 6 filamu ya The Kid, aliyoigiza na Charlie Chaplin, ilipotoka mwaka 1921. Alichuma mamilioni ya dola. Alipotimiza miaka 21, mwaka 1935, sheria ya California ilikuwa bado inahesabu ujira wa mtoto kuwa mali ya wazazi, na mama yake pamoja na baba wa kambo hawakumpa kitu. Alifungua kesi mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939 inayoitwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema kwamba Coogan alififia kwa sababu alikua tu, na watazamaji walikuwa wameipenda sura ya kitoto. Ni kweli, na sitaki kuipuuza hoja hiyo. Ila hapo hasa ndipo penye kiini cha jambo: kila mwigizaji mtoto hupitia miaka ambayo si mtoto tena na bado hajawa mtu mzima machoni pa watayarishaji. Mwenye akiba na shule huweza kuingoja miaka hiyo ipite. Asiye navyo hushika lolote linalokuja. Jodie Foster aliigiza katika Taxi Driver akiwa na miaka 12, chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, huku dada yake mkubwa akichukua nafasi yake katika matukio yasiyomfaa mtoto. Aliteuliwa kuwania Oscar, lakini mwaka 1980 akaenda Chuo Kikuu cha Yale kusoma fasihi, akapunguza kazi. Oscar yake ya kwanza aliipata kwa The Accused ya mwaka 1988, ya pili kwa The Silence of the Lambs ya 1991. Ulinzi huo haukumkinga na kila baya: mwaka 1981 mtu aliyekuwa akimwandama alimpiga risasi Rais Reagan ili avutie macho yake. Hakuna akaunti ya benki inayotibu umaarufu wa namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi: wao ndio wanaoacha kazi zao kumsindikiza mtoto, kwa hiyo wanastahili sehemu ya pato. Nakubali. Ndiyo maana naona marekebisho ya sheria ya Coogan huko California yaliyoanza kutumika mwaka 2000 yalikuwa ya haki: ujira ukatamkwa kuwa mali ya mtoto, na mwajiri akalazimika kuweka asilimia 15 katika amana isiyoguswa hadi atimize miaka 18. Mwaka 2024 ulinzi wa aina hiyo ukapanuliwa kwa watoto wanaoonyeshwa katika video za familia kwenye intaneti. Kazi hiyo ni ngumu kuisimamia kuliko ya studio, kwa kuwa humo anayemwajiri mtoto, anayempiga picha na anayemtunzia fedha ni mzazi yule yule.