Fedha ya Sandukuni si Faida

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu.



Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo si jambo la kificho tena mtumishi kuwa na duka. Sikuja hapa kufufua mjadala huo. Nimekuja kusema kwamba ruhusa ya kufanya biashara tuliipata, lakini elimu ya biashara haikuja pamoja nayo. Anayelipia pengo hilo ni mzee anayetia kiinua mgongo chake chote katika duka, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili.

Wengi hudhani elimu hiyo ni kujua wapi bidhaa ni rahisi na namna ya kuzungumza na mteja. Hayo ni mema. Lakini la kwanza kabisa ni kujua, kila mwisho wa mwezi, kama duka limepata faida au limekula mtaji wake. Fedha iliyomo sandukuni haiwezi kukujibu swali hilo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mtaji unaorudi.

Tuchukue mfano, na tuseme duka linauza sukari peke yake ili hesabu iwe nyepesi. Mfuko wa kilo 50 umenunuliwa kwa Sh. 130,000 na nauli yake ni Sh. 3,000, kwa hiyo kilo moja imemgharimu mwenye duka Sh. 2,660. Anaiuza kwa Sh. 2,900. Mfuko mzima ungempa Sh. 12,000 juu ya gharama. Lakini sukari hupimwa robo robo, humwagika, na mizani humpendelea mteja kidogo. Ikipotea kilo moja tu katika mfuko, zinabaki Sh. 9,100. Sasa weka pango Sh. 60,000, na mlinzi, umeme na usafi Sh. 40,000 kwa mwezi. Hapana budi auze mifuko 11 ndipo alipe gharama hizo tu, kabla hajapata hata senti ya kununulia kitabu cha mtoto.

Hali kadhalika mikopo. Kilo moja ikikopeshwa na isilipwe, zinahitajika faida za zaidi ya kilo 11 nyingine kuifidia. Sisi walimu na watumishi tunalijua vizuri daftari la madeni, maana majina mengi yaliyomo humo ni yetu!

Ugonjwa huu wa kutojua hesabu haukuanza na duka la mtu binafsi. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa sehemu nyingi za nchi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Shabaha ilikuwa kumwondolea mkulima unyonyaji, nayo ilikuwa shabaha ya haki. Lakini mengi ya maduka hayo hayakudumu. Uhaba wa bidhaa ulichangia, na haraka ya utekelezaji ilichangia; hata hivyo tusijidanganye, kulikuwa pia na maduka ambayo hakuna mtu kijijini aliyeweza kusema mali ilikuwa kiasi gani jana na imebaki kiasi gani leo. Mali isiyohesabiwa huliwa, iwe ni ya mtu mmoja au ya kijiji kizima.

Hesabu yenyewe haimshindi aliyemaliza darasa la saba. Chukua thamani ya mali iliyokuwapo mwanzo wa mwezi, jumlisha uliyonunua, toa iliyobaki rafuni siku ya mwisho: hiyo ndiyo gharama ya mali uliyouza. Itoe katika mauzo, kisha toa matumizi ya duka. Na sabuni iliyochukuliwa kwenda nyumbani iandikwe kama iliyonunuliwa.

Lipo jambo moja ambalo daftari nyingi hulificha. Duka likiuza mifuko 20, karatasi itaonyesha faida ya Sh. 82,000. Lakini ni nani aliyesimama dukani tangu alfajiri hadi usiku? Mara nyingi ni mama wa nyumba, na jasho lake halikuandikwa popote. Angeajiriwa mtu kwa Sh. 200,000, duka hilo lingehitaji kuuza mifuko 33 ili lisipate hasara. Sisi tuliofundishwa kuuchukia unyonyaji tunapaswa kuuona hata unapokaa sebuleni mwetu. Mshahara wa anayeuza uandikwe kila mwezi, hata kama ni mkeo, na apewe mkononi.

Hesabu hii ikifanywa miezi sita mfululizo na ikaonyesha upungufu kila mara, basi bidhaa zibadilishwe, au pango lijadiliwe upya, au duka lifungwe wakati nusu ya kiinua mgongo ingali ipo. Wengi huona aibu kufunga kwa sababu majirani watasema, wakaendelea kujaza rafu kwa fedha ya pensheni ya kila mwezi.