Mshtuko wa Moyo Mbali na Nairobi

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa mmoja kati ya ile inayoulisha moyo damu unapoziba ghafla. Mafuta yaliyojikusanya ukutani mwa mshipa hupasuka, damu ikaganda hapo, na msuli wa moyo uliokosa damu ukaanza kufa. Haufi wote kwa mpigo, hivyo tiba inayowahi huokoa sehemu kubwa.

Tiba inayosifiwa zaidi ni puto. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa paja mpaka moyoni, hupenyeza waya katikati ya damu iliyoganda, hujaza puto dogo ili njia ipanuke, kisha huacha hapo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena. Andreas Grüntzig alilitumia puto hilo kwenye mshipa wa moyo kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1977. Miongozo ya kimataifa hutaka lifanye kazi ndani ya dakika 120 tangu kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kithibitishe ugonjwa. Mgonjwa wa Muthara, huko Tigania katika Kaunti ya Meru, hawezi kuziwahi dakika hizo. Mitambo ya tiba hiyo nchini Kenya iko zaidi Nairobi na katika miji mingine michache, na kutoka Tigania hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200.

Kwake yeye, tiba ya kwanza ni sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Streptokinasi hutundikwa kama dripu kwa nusu saa hadi saa moja. Tenekteplasi hudungwa mara moja tu. Hufaa sana katika saa tatu za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake ni ndogo. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni hapewi kabisa. Sindano hii haihitaji chumba cha upasuaji; inahitaji mashine ya ECG, dawa yenyewe na mhudumu anayejua kusoma mistari ya kipimo. Hospitali zilizo karibu na wananchi zinastahili kuwa navyo usiku na mchana. Sindano ikishatolewa, ndipo safari ya Nairobi hufuata, mishipa ipigwe picha ndani ya saa 24.

Muda mwingi hupotea nyumbani, maumivu ya kifua yanapodhaniwa kuwa asidi ya tumbo. Aspirini ya miligramu 300, ikitafunwa mapema na mtu asiyedhurika nayo, hupunguza vifo.

Picha hizo zikionyesha kuwa mishipa mingi imeziba, daktari wa upasuaji huchukua mshipa wa mguuni au wa kifuani na kuunganisha njia ya kando. Baada ya tiba yoyote kati ya hizi, aspirini na dawa za kupunguza kolesteroli huwa za maisha. Aliyewekewa stenti huongezewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida mwaka mzima, na akiiacha mapema stenti yaweza kuziba. Miraa nayo, ingawa ndiyo inayolipa karo Tigania, ina kathinoni, kemikali inayopandisha shinikizo la damu na kubana mishipa ya moyo. Utafiti wa Yemen uliihusisha na mshtuko wa moyo. Aliyenusurika hapaswi kuitafuna tena.