Kutoa na Kujitoa
Somo: Warumi 6:12–14



Leo tulitazame neno moja la Kiingereza, "yield". Mkulima wa Kitale hulijua kwa maana ya mazao. Tangu mwaka 1964, mbegu ya haibridi 611 ilipotoka katika kituo cha utafiti cha Kitale, watu huulizana: ekari moja imetoa magunia mangapi? Lakini kule Marekani neno hilo hilo huandikwa kwenye kibao cha pembe tatu barabarani, na maana yake ni: mpishe mwenzako.

Je, kuzaa na kupisha vina uhusiano gani? Hapo kale neno hili lilimaanisha kulipa, yaani kumpa mtu haki yake. Shamba humlipa mkulima jasho lake. Dereva humwachia mwenzake zamu yake.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yalitumia katika Mwanzo 1, mimea itoapo mbegu. Katika Warumi 6, tunapoambiwa tujitoe kwa Mungu. Na katika Mathayo 27:50, Bwana alipoitoa roho yake. Kiswahili chetu nacho, mahali pote patatu, kina kitenzi kimoja: kutoa.

Ndugu msikilizaji, toka Bungoma hadi Kitale wako ndugu wa tumbo moja wanaoburutana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba la baba. Gharama za kesi zimekwisha kupita thamani ya ile mistari miwili ya mahindi. Kila mmoja husema, "Nikiachia, nimeshindwa." Sivyo. Hata mbegu isipoachiliwa udongoni haizai.

Lakini msinielewe vibaya. Simwambii mjane aliyefukuzwa katika shamba la marehemu mumewe anyamaze. Yeye ndiye anayedai. Wapaswao kutoa ni wale walioshika kilicho chake. Paulo naye akataza tusivitoe viungo vyetu kwa dhambi. Basi kutoa peke yake si wema. Swali ni, natoa nini, na kwa nani?

Usiku wa leo, kabla hujalala, jiulize: mkononi mwangu nimeshika nini kilicho haki ya mwenzangu? Kesho asubuhi, mpelekee.

Tuombe. Ee Bwana, uliyejitoa kwa ajili yetu, ilegeze mikono yetu iliyofumbwa. Amina.