Kutu Chini ya Rangi



Nilipokuwa masomoni katika jimbo la Michigan, Marekani, nilikaa nyumbani kwa mzee mmoja mgane, mstaafu wa kiwanda cha magari. Gereji ya nyumba yake ilijaa kitu kimoja tu kilichofunikwa turubai: gari aina ya Pontiac GTO, la mwaka 1964.

Vijana watapenda kujua ni gari la namna gani. Mwaka ule wahandisi wa Pontiac walichukua gari la ukubwa wa wastani, wakalitia injini ya silinda 8, yenye ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Wengi huhesabu kwamba hapo ndipo zilipoanza enzi za magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Enzi hizo hazikudumu. Bima ilipanda, sheria za kulinda hewa zikakazwa, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Hata jina la Pontiac lenyewe lilikoma kutengenezewa magari mwaka 2010. (Mimi nisiyejua hata kubadili gurudumu, haya yote nilifundishwa mezani.)

Mjukuu wa mzee alikuwa karibu kuolewa, naye mzee alitaka kumpeleka kanisani kwa gari hilo. Injini ilikwisha kufanya kazi. Kabureta ilisafishwa, breki zikawekwa mpya. Ilibaki rangi. Akanipa msasa, tukaanza kusugua ubavu wa nyuma, juu ya gurudumu.

Baada ya saa moja msasa wangu ulitoa vumbi la waridi badala ya vumbi la chuma. Ilikuwa puti, nene kama kidole. Mzee aliigonga kwa bisibisi, nayo ikaanguka kipande kizima. Nyuma yake hapakuwa na bati, ila maganda mekundu yaliyomomonyoka mkononi. Kule theluji ikianguka humwaga chumvi barabarani, na maji ya chumvi hutuama ndani ya mikunjo ya bodi. Basi kutu huanza kula upande usioonekana. Puti haiizuii, hunyonya unyevu na kuuhifadhi, huku juu rangi ikimeremeta.

Nikauliza, "Mzee, ni fundi gani aliyekudanganya hivi?"

Akakaa juu ya ndoo. "Ni mimi, Padre."

Ndipo akanieleza. Miaka tisa nyuma alikuwa akilitengeneza gari lile pamoja na mwanawe. Kijana alisema bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma kizima, kisha kichomelewe kiraka kipya. Baba alisema hiyo ni gharama bure, puti yatosha. Wakatupiana maneno, na baba akatamka neno ambalo mzazi hapaswi kulitamka. Kijana aliweka spana chini akaondoka. Tangu siku ile walionana misibani tu, wakapeana mikono na kuulizana habari za hali ya hewa.

Wapendwa, je, hatuzijui salamu hizo? Katika jumuiya zetu ndogondogo mna ndugu waliopatanishwa na wazee, wakala pamoja, kila mmoja akasema yamekwisha. Na hakuna aliyethubutu kulitaja lile shamba, au ile mahari, au lile tusi. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo, anamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya altare aende kwanza kwa ndugu yake. Hakusema apeleke zawadi. Na nyinyi makatekista, mnapoitwa kusuluhisha, msiwaharakishe watu kupeana mikono. Kukata bati bovu huchukua muda, na cheche zake huchoma.

Jioni ile mzee alishika simu mara mbili akaiweka. Mara ya tatu alipiga. Hakuzungumza juu ya harusi. Alisema tu, "Ulikuwa na haki juu ya lile bati, na lile neno nililokuambia halikuwa kweli." Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akisikiliza.

Jumamosi kijana alifika. Hawakukumbatiana. Alipiga magoti kando ya gurudumu, akachungulia lile tundu, akauliza, "Umekata mpaka wapi?" Baba akainama polepole kumwonyesha kwa kidole. Nikaona hapana kazi yangu tena pale, nikaingia jikoni kuchemsha kahawa.