Maneno ya Mwenyekiti na Kalamu ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme machache juu ya maoni ya viongozi wa vijiji na kata katika mashauri yaamuliwayo na Serikali. Mimi ni karani wala si msemaji. Basi nitayasema niliyoyasikia katika vijiji vya Chiola, wilaya ya Nachingwea, na vya upande wa Ruangwa, nikiwa nimeketi pembeni na daftari ya kumbukumbu magotini.

Wazee wa huko wakiletewa shauri jipya huuliza kama hili nalo ni la karanga. Habari yenyewe mnaijua. Mwaka 1946 wapelelezi kutoka Uingereza walizunguka nchi kwa majuma machache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Mwaka 1947 kilimo kikubwa kikaanzishwa, Nachingwea ikiwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Msitu ulifyekwa kwa mitambo, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Reli nayo haikudumu.

Shauri la zama zetu ni korosho. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, nazo huuzwa mnadani. Katika mkutano wa kijiji kimoja viongozi waligawanyika. Wengine waliusifu mnada kwa kuwa bei hutangazwa hadharani, mkulima akajua haki yake. Wengine, na sauti zao hazikuwa ndogo, walisema kwamba mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja malipo. Ndipo mnunuzi wa kangomba humjia usiku na bakuli lake, akachukua kwa bei ya dhiki. Walishindana hadi jua likakaribia kuchwa. Nami nilikuwa nimechoka, nikaandika maneno mawili: “Wajumbe waliafiki.”

Mwaka 2018 yalikuja mambo mawili kwa pamoja. Hapo kwanza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziuzwazo nje ilirudi kulihudumia zao lenyewe. Katika msimu wa 2017 wakulima walipewa salfa bila malipo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ikaipeleka fedha yote katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walilinena hilo Bungeni kwa ukali, lakini aliyeulizwa habari za salfa mlangoni pake alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha wakulima walizikataa bei za mnadani, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Bei hiyo ilipokewa kwa furaha. Ukafuata uhakiki wa mashamba, na malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka 2019. Wenyeviti niliozungumza nao hawakuulaumu uhakiki. Walisikitika kwamba wao, wamjuao kila mwenye mkorosho na kila asiye nao, waliulizwa mwishoni, magunia yakiwa yamekwisha kuondoka.

Sasa, Mabwana, nazungumza nasi tushikao kalamu. Neno la kijiji hupanda kwa karatasi: kwanza Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Diwani akikuta imeandikwa “waliafiki”, atasimama na nini mbele ya wenzake? Twapenda kusema kwamba wakubwa hawasikilizi, na mara nyingine ni kweli. Lakini hayo ya siku ile hawakuletewa wayasikie.

Katika mkutano uliofuata, kumbukumbu zilipokuwa zikithibitishwa, niliomba ruhusa ili maneno ya wale wa pili yaingizwe. Mwenyekiti, mzee asiyepokea mshahara hata senti, alikubali mara moja. Ila aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, siku ile wino ulikuwa umekwisha?”

Sikuwa na jibu. Niliandika, naye akatia sahihi.