Jiwe Hili Lilizaliwaje?

Jioni ya leo twataka kusema nanyi juu ya mawe. Huenda baadhi yenu wameguna, wakisema, "Mawe nayo yana habari gani? Si haya tunayojikwaa njiani na kuyatupa kando ya shamba?" Basi twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, nanyi mtaona ya kuwa asiyejua habari za mawe aweza kupoteza kuni nyingi na nguvu nyingi.

Mwaka mmoja, katika chuo tunachofundisha, tulitaka kupaka nyumba zetu chokaa. Chokaa ya dukani ilikuwa ghali, tukakata shauri kuchoma yetu. Nyuma ya chuo kipo kilima chenye mawe meupe kama maziwa. Tulikuwa tumesikia kwamba watu wa pwani huchoma mawe meupe wakapata chokaa; nasi, walimu na wanafunzi, tukayakusanya yale ya kilimani, tukajenga tanuu, tukapanga magogo, tukachoma siku mbili usiku na mchana, wanafunzi wakipokezana zamu ya kuchochea moto. Siku ya tatu tukayaacha yapoe, kisha tukayamwagia maji, tukangoja yafoke na kumumunyuka kuwa unga, kama chokaa izimwavyo. Hayakufoka. Machache yalipasuka, mengine hata ufa hayakupata. Yalikaa vile vile, meupe kama yalivyotoka kilimani.

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyepata kufanya kazi ya uashi pwani miaka mingi, alikuja kutazama. Akashika jiwe moja, akajaribu kulikwaruza kwa kisu, kisu kikateleza. Akacheka sana. "Walimu," akasema, "mmetazama rangi. Jiwe halijulikani kwa rangi, hujulikana kwa ukoo wake. Hili si la ukoo wa chokaa."

Mzee yule hakusoma kitabu cha elimu ya miamba, lakini alisema jambo ambalo mabingwa wa Ulaya waligombana juu yake muda mrefu. Katika karne ya 18 Abraham Werner, mwalimu mashuhuri wa Freiberg huko Ujerumani, alifundisha kwamba karibu miamba yote, hata ile myeusi mizito iitwayo basalti, ilitulia kutoka katika maji ya bahari iliyoifunika dunia hapo kale. James Hutton wa Scotland hakukubali. Mwaka 1785 alikwenda katika bonde la Glen Tilt, akaona mishipa ya matale mekundu imejipenyeza katikati ya miamba mingine, kama maji yapitavyo katika nyufa za ukuta. Kitu kigumu hakipenyi hivyo. Hutton akaona ya kuwa matale yale sharti yalikuwa majimaji ya moto yalipoingia mle, kisha yakapoa. Tangu siku hizo wataalamu huuliza kwanza, jiwe hili lilizaliwaje? Wakijibu swali hilo huipanga miamba katika jamaa tatu: iliyozaliwa na moto, iliyotulia tabaka kwa tabaka, na ile iliyokuwa kitu kimoja ikageuka kuwa kingine.

Kuzaliwa kwa jiwe la moto ni jambo ambalo wenzetu wameliona kwa macho. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo, ulio Kongo, ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka kama uji mwekundu mpaka ndani ya mji wa Goma. Iliteketeza maelfu ya nyumba, ikafika hata ziwani Kivu. Baada ya siku chache ule uji ulikuwa mwamba mweusi. Watu waliporudi walijenga juu yake, na mawe ya kujengea waliyavunja humo humo. Mlima ule ulitoa moto tena mwaka 2021.

Lakini si kila jiwe la moto lilitoka nje. Mwanza, kando ya ziwa, yapo majabali makubwa ya matale, na mojawapo lililosimama majini huitwa Jiwe la Bismarck. Hayo yalipoa chini sana ardhini, polepole mno, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Kisha mvua na jua vikala ardhi ya juu hata yakajitokeza. Tazameni jabali la matale kwa karibu: mtaona punje za rangi mbalimbali, nyingine kubwa kama mbegu za mtama au kuzidi. Tazameni basalti: punje zake ni ndogo hata jicho halizioni. Wapika chumvi wa pwani wajua sababu iliyo karibu na hiyo. Maji ya chumvi yaachwayo kukauka taratibu juani hutoa punje kubwa, na yale yachemshwayo kwa moto mkali hutoa chumvi laini. Punje zahitaji muda ili zikue. Lava ikipoa kwa ghafula mno, hazipati nafasi hata kidogo, na jiwe huwa kama kioo cheusi. Jiwe hilo, obsidiani, lapatikana karibu na Naivasha, na wazee wa kale walilichonga visu na vichwa vya mishale kabla chuma hakijajulikana.

Twaongeza ajabu moja kwa ajili ya wanafunzi wapendao maajabu. Oldonyo Lengai, mlima ulio kaskazini ya Tanzania, hutoa lava isiyotolewa na volkano nyingine yoyote duniani ifanyayo kazi leo. Imejaa magadi, hutoka nyeusi, joto lake ni karibu nusu tu ya lava ya kawaida, na baada ya siku chache za kunyonya unyevu huwa nyeupe. Watu wa mbali wakiiona wangedhani ni theluji.

Jamaa ya pili huzaliwa bila kelele. Mto huchukua mchanga na matope, huyaweka ziwani au baharini, mwaka juu ya mwaka. Ya chini hulemewa na ya juu, hushikamana, huwa mwamba. Wakati mwingine kinachotulia si mchanga bali ni mabaki ya viumbe. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, yaani nyumba za vidudu vya baharini, yaliyokua chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, siku ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Mawe hayo ndiyo waliyojengea Wareno Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na misikiti ya Kilwa ilikuwa imejengwa kwa mawe ya namna hiyo karne nyingi kabla yao. Hilo ndilo jiwe la chokaa la mzee wetu. Moto mkali hulitoa hewa iliyofungwa ndani yake, na kinachobaki kikipata maji hufoka na kuwa unga.

Ni katika jamaa hii, takriban peke yake, mnamopatikana mifupa ya viumbe wa kale, maana moto hauhifadhi mifupa. Huko Tendaguru, bara ya Lindi, tangu mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani, pamoja na mamia ya vibarua wenyeji, walichimba mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Vibarua waliibeba vichwani na mabegani mpaka pwani, ikapakiwa merikebuni, na mnyama mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake ni zaidi ya meta 13. Twasema kwa haki kwamba waliobeba wastahili kutajwa pamoja na waliosimamisha.

Hata hivyo msidhani kwamba kila jiwe hukaa sawasawa katika boma lake. Huko Laetoli volkano ilitupa majivu, mvua ndogo ikayalowesha, watu wa kale sana wakapita juu yake. Yakakauka, yakafunikwa na mengine. Nyayo zile, zilizofukuliwa mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 na zaidi. Je, mwamba ule ni wa moto au wa tabaka? Majivu yalizaliwa na moto, lakini yalilala kama matope yalalavyo. Mwanafunzi akijibu kwamba ni wa vyote viwili hatumkosoi.

Jamaa ya tatu huifahamu vizuri zaidi mama mfinyanzi. Huchukua udongo laini, huufinyanga, hupika chungu motoni. Udongo hauyeyuki, wala hautiririki, lakini ukitoka humo si udongo tena. Hata ukiuloweka mwaka mzima hautarudi. Vivyo hivyo miamba ikizikwa chini mno, ikabanwa na kupashwa joto, hugeuka bila kuyeyuka. Jiwe la chokaa huwa marumaru. Miamba ya Usambara na Uluguru, yenye mistari myeupe na myeusi kama mkeka uliosukwa, iligeuka hivyo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na wataalamu huiita naisi. Jiwe laini la Tabaka huko Kisii, lichongwalo vinyago na bakuli, ni la jamaa hii. Hata tanzanaiti, iliyojulikana mwaka 1967 huko Merelani, ilipatikana katika miamba iliyogeuzwa.

Na yale mawe meupe ya kilimani kwetu? Yaitwa kwatsi. Maji ya moto yalipita katika nyufa za mwamba chini kabisa, yakaacha humo kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe. Lau tungeliyachoma mwezi mzima yasingelikuwa chokaa.

Kabla hatujaondoka twataka kusema neno juu ya visima, maana hapo kosa si la kuni tu. Katika matale na naisi maji hukaa ndani ya nyufa na katika sehemu ya juu iliyooza. Mchimbaji akikosa ufa aweza kuchimba kina kirefu asipate kitu, na mwenzake hatua ishirini kando akapata. Katika jiwe la mchanga maji hukaa kati ya punje. Lakini katika mwamba wa matumbawe yamo matundu na mapango, na maji hukimbia humo kama katika bomba, bila kuchujwa. Kwa hiyo ninyi mkaao juu ya mwamba huo, choo kisichimbwe karibu na kisima, hata kama jirani yenu wa bara, mwenye ardhi ya udongo mzito, amefanya hivyo asipatwe na neno. Uchafu ambao kwake ungechujwa njiani, kwenu waweza kufika kisimani upesi. Tena msiyavute maji kupita kiasi: ya tamu yameelea juu ya ya chumvi, na ya tamu yakipungua ya chumvi hupanda.

Mwenye jiwe jeupe asilolijua na alikwaruze kwa kisu. Likikwaruzika, alisage kidogo, atone maji ya limau juu ya ule unga, atazame kama utatoa povu. Sisi sasa hufanya hivyo kabla ya kukata hata ukuni mmoja. Mawe yetu ya tanuu tuliyapanga pande mbili za njia ya kwenda darasani, na usiku wa giza yafaa sana, kwa kuwa yaonekana.